Jim Calhoun, mlinzi wa kikapu, na deni la Hasheem Thabeet

Mtanzania Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika drafti ya mwaka 2009, zamu ya timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kuchagua wachezaji wapya, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Aliondoka kwenye ligi hiyo akiwa na wastani wa pointi 2.2 na ribaundi (mipira iliyokosa kikapu aliyoidaka) 2.7 kwa mchezo. Kila anapotajwa hapa nyumbani, maelezo mawili hayakosekani: ama kijana alibweteka alipoonja fedha, ama Wamarekani waliona sentimita 221 wakasahau kuangalia mengine. Maelezo yote mawili yanamruka mtu aliyekaa naye misimu mitatu, mazoezi kwa mazoezi, kabla ya usiku ule wa drafti. Huyo ni Jim Calhoun, kocha wa Chuo Kikuu cha Connecticut, maarufu kama UConn. Ukiifuatilia kazi ya Calhoun tangu mwanzo, unaona kwamba Thabeet aliyefika Memphis, timu ya NBA iliyomchagua, alikuwa yuleyule aliyetoka Connecticut. Kilichobadilika ni kazi aliyotakiwa kuifanya na kanuni za uwanja aliofanyia.

Calhoun hakurithi timu kubwa. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 15, na kabla ya kumaliza chuo alipitia kazi za kukata mawe ya makaburi na kuchimba makaburi. Alianza kufundisha shule za sekondari, akapewa timu ya Northeastern ya Boston mwaka 1972, akakaa huko miaka 14. Mwaka 1986 akahamia UConn. Chuo kiko Storrs, mji mdogo wa mashambani, na wakati huo timu yake ilikuwa ya kupigwa tu ndani ya Big East, ligi iliyokuwa na Georgetown, Syracuse, St. John's na Villanova. Msimu wa kwanza alishinda michezo 9 na kupoteza 19. Msimu wa pili akachukua NIT, kombe la pili kwa hadhi la vyuo. Msimu wa nne, 1989-90, akashinda 31 na kupoteza 6. Hadi anastaafu mwaka 2012 alikuwa na ushindi 873 katika daraja la kwanza la vyuo, Northeastern na UConn pamoja, na makombe matatu ya taifa: 1999, 2004 na 2011.

Je, mtu anawezaje kushinda kwa muda huo wote katika mchezo ambao wachezaji hubadilika kila baada ya miaka miwili au mitatu? Jibu lake lilikuwa kujenga timu kuanzia nyuma. Kila kizazi chake bora kilikuwa na gadi, mchezaji mwepesi wa nje, wa kumsumbua mwenye mpira mbele na mtu mmoja wa kulinda kikapu nyuma. Alipowapata wote wawili aliogopwa. Alipompata mmoja tu, alihangaika.

Tuingie ndani ya mfumo wenyewe, maana hapa ndipo wengi huishia kusema tu kwamba alikuwa na warefu.

Ulinzi wa UConn ulikuwa wa mtu kwa mtu. Gadi alimbana mwenye mpira kwa kifua tangu karibu na katikati ya uwanja, na hakuogopa sana kupitwa. Ukikaba kwa karibu namna hiyo utapitwa, na timu nyingi huogopa hilo, kwa hiyo hurudi nyuma hatua mbili na kumpa mpinzani nafasi ya kuangalia pasi. Gadi wa Calhoun alipopitwa alitakiwa apitwe upande mmoja: apelekwe pembeni, kuelekea mstari wa nyuma, kule ambako senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, anasubiri na mstari wenyewe unafanya kazi ya mlinzi wa ziada. Mafowadi wawili waliziba njia za pasi, kisha mpira ulipoingia ndani walishuka kuwachukua wapinzani walioachwa na senta. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Senta anapokwenda kuzuia mtupo, mtu wake hubaki peke yake chini ya kikapu. Fowadi wa upande wa pili asiposhuka kuweka mwili, hata mtupo ukizuiwa mpira unaokotwa na adui na kurudishwa juu kirahisi.

Senta naye ana kanuni zake. Asiruke wa kwanza. Asubiri miguu ya mshambuliaji iachane na sakafu, ndipo aruke wima, mikono juu, kifua kikiwa mbali na mwili wa mwenzake. Anayeruka kwenda mbele hupigiwa faulo hata kama mkono wake umegusa mpira tu. Akiufikia mpira, ausukume taratibu kuelekea ndani ya uwanja. Mpira uliopigwa kofi hadi kwa watazamaji unashangiliwa, lakini unarudi mikononi mwa wapinzani. Uliosukumwa kwa mwenzako unageuka shambulizi la haraka papo hapo, na timu za Calhoun zilipenda kukimbia kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo bloku, yaani kuzuia mtupo, kwake ilikuwa pasi ya kwanza ya shambulizi.

Ushahidi upo kwenye fainali. Mwaka 1999 Duke walikuwa wanapewa nafasi kubwa ya kushinda. UConn wakawafunga 77 kwa 74, Richard Hamilton akiwa na pointi 27. Katika dakika ya mwisho Ricky Moore, gadi aliyekuwa na sifa ya kukaba tu, alimbana Trajan Langdon wa Duke hadi Langdon akatembea na mpira bila kuudunda, kosa linalowapa wapinzani mpira. Hapo ilikuwa sehemu ya mbele ya mfumo. Mwaka 2004 ilikuwa zamu ya sehemu ya nyuma, Emeka Okafor akiwa na wastani wa bloku zaidi ya 4 kwa mchezo msimu ule, na Georgia Tech wakafungwa 82 kwa 73. Lakini mchezo unaoeleza kila kitu ni fainali ya 2011 dhidi ya Butler, iliyosemwa na wengi kuwa mbaya kuliko zote. Matokeo yalikuwa 53 kwa 41. Butler walitupa mara 64 wakafunga 12. Ukiondoa mitupo ya pointi tatu, ndani ya mstari walijaribu mara 31 wakafunga 3. Mitatu! UConn walizuia mitupo 10, na mingine mingi ilipotea kwa sababu mtupaji alishaanza kumtafuta mlinzi kwa macho kabla ya kuangalia kikapu. Kemba Walker, gadi wa UConn, alistahili sifa zote alizopewa mwaka ule, hasa kwa zile siku tano za Big East ambapo timu iliyomaliza nafasi ya tisa ilishinda michezo mitano mfululizo na kubeba kombe. Hata hivyo usiku wa fainali kikapu kililindwa na Alex Oriakhi na wenzake.

Sasa Thabeet. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi, Dar es Salaam, akapitia Makongo, kisha akaenda kumalizia sekondari Houston. Alipoingia UConn mwaka 2006 alikuwa na miaka michache mno ya mchezo huu mwilini. Mpinzani wake wa kawaida katika Big East alikuwa ameushika mpira tangu akiwa na miaka saba au minane. Calhoun alifanya kile ambacho kocha yeyote mwenye akili angefanya: alimpa kazi moja, akaizungushia timu nzima. Kaa chini ya kikapu. Wenzako watamleta mtu kwako. Ruka wa pili.

Takwimu zikapanda mwaka hadi mwaka. Msimu wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 6.2, ribaundi 6.4 na bloku 3.8. Wa pili, 10.5, 7.9 na 4.5. Wa tatu, 13.6, 10.8 na 4.2. Januari 2009 dhidi ya Providence alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10 katika mchezo mmoja. Alimaliza na bloku 417 katika misimu mitatu, nyuma ya 441 za Okafor, ambazo ndizo rekodi ya chuo. Alikuwa mlinzi bora wa Big East mara mbili, na mwaka 2009 akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Timu ikafika nusu fainali ya taifa. Anayesema kijana huyu hakujifunza kitu Marekani hajazitazama namba hizo. Kuongeza pointi zaidi ya mara mbili ndani ya misimu mitatu, ukiwa umeanza mchezo ukubwani, kunataka kazi nzito.

Lakini msimu huohuo ulionyesha pia ufa uliokuwapo. Februari 16, UConn wakiwa namba moja nchini, Pittsburgh waliwafunga 76 kwa 68. Blair alikuwa na sentimita 201 tu, mfupi kwa Thabeet kwa sentimita 20, lakini alichukua pointi 22 na ribaundi 23. Namna alivyofanya ndiyo ya kuangalia. Hakujaribu kutupa juu ya mikono ya Thabeet. Alishusha makalio chini, akauingiza mwili wake kwenye mapaja ya Thabeet kabla mpira haujafika, akamsogeza kutoka chini ya kikapu, kisha ndipo akaomba pasi. Mtu mrefu mwenye miguu myembamba akisukumwa chini ya kiuno hana pa kujishikiza, na akishatolewa hatua moja nje ya sehemu yake urefu wake haumsaidii. Timu zote za NBA zilikuwa na mkanda wa mchezo ule.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa kwenye kitabu cha kanuni. Katika mchezo wa vyuo, mlinzi anaweza kukaa kwenye eneo la rangi chini ya kikapu muda wowote anaotaka. Katika NBA, tangu msimu wa 2001-02, haruhusiwi kukaa humo zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu aliye umbali wa mkono. Eneo hilo lenyewe vyuoni lina upana wa mita 3.66, NBA lina mita 4.88. Mstari wa pointi tatu ulikuwa mita 6.32 vyuoni msimu ule. NBA ni mita 7.24 mbele ya kikapu. Timu ya chuo ilikuwa na sekunde 35 za kushambulia, ya NBA sekunde 24. Jumlisha yote hayo uone kazi aliyofikia Memphis. Mtu aliyefundishwa kusubiri sehemu moja sasa anatakiwa aingie na kutoka, aingie na kutoka, na katikati ya shughuli hiyo asimamiwe skrini mbali na kikapu, yaani mpinzani asimame njiani kumziba mlinzi ili mwenye mpira apite. Gadi mwepesi kuliko wote duniani anakuja mbio, na senta aamue ndani ya nusu sekunde kama anamfuata yeye au anarudi kwa mtu wake. Kazi hiyo ni ya nyonga na vifundo vya miguu. Mikono mirefu haiifanyi.

Msimu wake wa kwanza NBA alicheza wastani wa dakika 13 akapata bloku 1.3. Kwa kila dakika aliyokuwa uwanjani, kiwango hicho cha kuzuia mitupo kilikuwa cha juu kabisa. Yaani kile alichofundishwa na Calhoun kilifika naye na kilifanya kazi. Ila kocha wa NBA hamwachi uwanjani senta anayeshindwa kukaba skrini na anayekusanya faulo, hasa akiwa na Marc Gasol na Zach Randolph mbele yake. Februari 2010 Memphis walimpeleka ligi ya maendeleo, akawa mchezaji aliyechaguliwa juu zaidi kuwahi kupelekwa huko hadi wakati huo. Baadaye Houston, Portland, Oklahoma City, kisha ligi za Asia.

Hapa ndipo Okafor anapotusaidia kupima. Kocha yuleyule, kazi ileile chini ya kikapu, na hata nafasi ya drafti ileile: wa pili mwaka 2004. Msimu wake wa kwanza Charlotte alikuwa na pointi 15.1 na ribaundi 10.9, akawa mchezaji chipukizi bora wa mwaka. Kama mfumo wa Calhoun ungekuwa unaharibu masenta, ungemharibu na huyu. Tofauti ni kwamba Okafor, sentimita 208, alifika Storrs akiwa na mwili mpana na miguu iliyokwishazoea mchezo, kwa hiyo ulinzi wa kikapu uliongezwa juu ya msingi uliokuwapo. Charlotte pia ilikuwa timu mpya isiyo na mtu wa kumzuia kucheza. Thabeet alijengwa kuanzia paa. Na alikwenda kwenye timu ambayo nafasi yake ilishapata mwenyewe.

Basi Calhoun anadaiwa? Naona anadaiwa, ila deni lake si lile watu wanalosema. Hakumdanganya kijana wala hakumchosha bure. Alimtoa kwenye kutojulikana akampeleka namba mbili ya drafti, na fedha za namba mbili ni fedha za kubadilisha ukoo. Lakini hakuna kocha anayelipwa ili kushinda mchezo wa dakika 40 atakayemtoa mtu wa sentimita 221 chini ya kikapu ampeleke mita saba nje kujifunza kukaba skrini. Kila akifanya hivyo anapoteza pointi leo kwa faida ya timu nyingine kesho kutwa. Kwa hiyo udhaifu wa mchezaji unafichwa, na kadiri kocha alivyo hodari ndivyo unavyofichwa vizuri zaidi. Calhoun alikuwa hodari sana.

Fedha zinazidi kulifanya jambo hili liwe la kutafakari. Mwaka 2009 Calhoun alikuwa akilipwa dola milioni 1.6 kwa mwaka, juu kuliko mtumishi mwingine yeyote wa jimbo la Connecticut. Alipoulizwa hadharani kama angerudisha sehemu ya mshahara huo wakati jimbo lina upungufu mkubwa wa bajeti, alikataa kwa hasira. Wachezaji wake wakati huo walipata ada, chakula na malazi. Sioni kosa kwa mtu kulipwa kwa kazi aliyoijenga kwa mikono yake. Naona tu kwamba anayelipwa kwa ushindi wa Machi, mwezi wa mashindano ya taifa ya vyuo, atafundisha vitu vinavyoshinda Machi.

Kuna upande mwingine wa hesabu ambao wapenzi wake hupenda kuuruka. Mwaka 2011 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilimkuta na hatia ya kutosimamia kanuni katika usajili wa mchezaji mmoja: simu na ujumbe kupita kiasi, na msaada usioruhusiwa kutoka kwa wakala aliyewahi kuwa meneja wa timu hiyo. Alifungiwa michezo mitatu na chuo kikapunguziwa nafasi za ufadhili. Mwaka 2013, Calhoun akiwa ameshaondoka, UConn ilizuiwa kucheza mashindano ya taifa kwa sababu alama za maendeleo ya kitaaluma ya wachezaji zilikuwa chini ya kiwango. Kwangu hili la pili ni zito kuliko la kwanza. Simu za ziada zinawakera washindani. Kijana kuondoka chuoni bila kusoma ni hasara inayomfuata hadi uzeeni, kwani goti likikatika hana cha kushika. Na Okafor huyohuyo alimaliza shahada ya fedha kwa miaka mitatu akiwa Storrs, kwa hiyo njia ilikuwapo kwa aliyesukumwa au aliyejisukuma.

Ugonjwa haukumwacha naye. Saratani ilimpata zaidi ya mara moja, mgongo ukamsumbua, na mwaka 2012 akavunjika nyonga akang'atuka, timu akaiacha kwa Kevin Ollie, gadi wake wa zamani, aliyechukua kombe mwaka 2014 na wachezaji wengi aliowakuta. Mwaka 2018, akiwa na miaka 76, alirudi kuanzisha timu ya wanaume ya chuo kidogo cha Saint Joseph, West Hartford, daraja la tatu, ambako hakuna ufadhili wa michezo kabisa. Akafundisha huko hadi 2021.

Kwa makocha wa huku kwetu wenye vijana warefu, kuna jambo moja la kiufundi linalotakiwa kuanza mapema. Kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, tunazochezea nazo hazimkatazi mlinzi kusimama chini ya kikapu. Kijana wa sentimita 205 anaweza kumaliza sekondari nzima, na hata mashindano ya taifa, bila mtu kumwambia asogee, na akashinda kila wiki. Kwa hiyo kocha lazima amtoe makusudi. Nusu ya kila zoezi la ulinzi iwe mbali na kikapu: skrini isimamishwe pale kwenye mstari wa pointi tatu, senta ateremke magoti, mgongo ukielekea kikapu, arudi nyuma kwa hatua fupi bila kuvusha mguu juu ya mguu, mkono mmoja ukiziba pasi na mwingine ukimtishia gadi, hadi mwenzake arejee mbele ya mpira. Mwanzoni atapitwa ovyo na timu itafungwa mazoezini. Makosa ya kawaida ni matatu: anasimama wima kwa kuwa amechoka, anageuza nyonga mapema akampa gadi njia, au anaruka kwa chenga ya kwanza. Lililo gumu kurekebisha ni hilo la kusimama wima, kwa sababu mzizi wake ni udhaifu wa mapaja, na mapaja yanahitaji kuchuchumaa na uzito, siku tatu kwa wiki, kuanzia kijana akiwa na miaka 15 au 16.

Na barua ya chuo cha Marekani ikifika, mzazi aombe vitu vitatu kwa maandishi kabla ya kusaini: ni wachezaji wangapi walioingia katika miaka mitano iliyopita wamemaliza shahada, ni nani atakayemfundisha mtoto kazi za mguu na kwa saa ngapi kwa wiki, na ufadhili utakuwaje akiumia au kocha akiondoka.